Utando wa kijani mwaloni umegeuka buluu: ni virusi?

Mama Mukene (Katosi)
Habari zenu wapendwa. Naanika mukene (dagaa) hapa Katosi, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, Uganda. Wiki nzima maji ya mwaloni yalikuwa kijani, mazito kama uji. Juzi alfajiri nakuta utando umekatika, na ubavuni mwa mtumbwi kumebaki alama za buluu, ile ile ya kufulia shuka. Nimesugua kwa kidole, ikanishika mpaka kwenye kucha. Leo maji yametakata, majirani wanachota kwa jerikeni. Mwanangu wa sekondari anasema kuna virusi vinavyoua uchafu ule. Ni kweli? Na maji yamepona?

Mpima Maji (Entebbe)
Pole na kazi, mama. Naanza na la haraka: msinywe, hata mkichemsha.

Mwanao amesema kweli. Utando ule ni sianobakteria, yaani bakteria wanaotumia jua kama mimea, huku kwetu mara nyingi aina ya Microcystis, na wana virusi vyao, sianofaji. Watafiti Safferman na Morris walitangaza cha kwanza mwaka 1963 huko Marekani. Kimoja kinachoshambulia Microcystis, kiitwacho Ma-LMM01, kilipatikana Japani. Kirusi hujibandika kwenye seli, huingiza jeni zake, seli inaanza kumzalia adui mpaka inapasuka. Hapo fikosianini, rangi yake ya buluu, humwagika. Ndiyo iliyokushika kucha. Ila jua kali na uzee pia hupasua seli, kwa hiyo buluu peke yake haithibitishi virusi.

Ninachoogopa ni mikrosistini, sumu ya Microcystis inayodhuru ini. Seli ikiwa nzima, sumu nyingi imo ndani yake. Ikipasuka, sumu inabaki kwenye maji yanayoonekana safi, na moto wa jiko hauiondoi. Agosti 2014 watu karibu nusu milioni wa Toledo, Marekani, walikatazwa maji ya bomba kwa sumu hii, na watafiti walikuta dalili kwamba virusi vilikuwa vikiwapasua Microcystis wakati huo huo.

Kijana wa Jinja
Basi si tuvizalishe virusi tuvimwage ziwani?

Mpima Maji (Entebbe)
Ndugu yangu, kila kirusi huchagua wa kumshambulia, na Microcystis wana kinga ya CRISPR inayokumbuka adui. Tena utapasua seli zote kwa mpigo, sumu itoke yote. Tuzuie maji taka na mbolea vinavyowalisha.

Mama Mukene (Katosi)
Asante sana mwanangu. Nimemwaga jerikeni zangu mbili, nimepita nyumba kwa nyumba. Mbuzi nao tumewafunga mbali na ufuo.