Naomba ushauri: blogu yangu niihamishie kwenye kompyuta ya nyumbani au nibaki hostingi ya kulipia?

Bi Mkunazi: Salaam wanajamvi. Nina blogu ya mapishi ya Tanga, mwaka wa sita huu, mapishi zaidi ya 300 na picha zake. Hostingi, yaani nafasi ninayokodi kwenye kompyuta za kampuni, nalipa kwa dola na bei imepanda tena. Nataka niirudishe nyumbani, kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Nifanye hivyo au nivumilie? Usingizi sipati.

Fundi Tawi: Dada, intaneti ya nyumbani ni ya aina gani? Kama ni ruta ya laini ya simu, mara nyingi wateja wengi mnachangia anwani moja ya IP, ile namba inayoonyesha mtu yuko wapi mtandaoni. Msomaji akibisha hodi hafiki kwako.

Mzee Kilindi: Mimi sava, kompyuta inayobeba blogu, ilikaa sebuleni miaka miwili. Umeme wa LUKU ukiisha usiku, na blogu imezima. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika baharini, binti yangu yuko Muscat akanipigia: "Baba, mbona hufunguki?" Wiki ile ile nikarudi kulipia.

Nyota ya Kusini: Siku hizi kila mtu anataka cha bure. Kazi nzuri igharimiwe.

Fundi Tawi: Bi Mkunazi, hujanijibu. Na domeni, yaani anwani ya blogu yako, imesajiliwa kwa jina la nani?

Bi Mkunazi: Ruta ni ya laini. Lakini kompyuta nimeshanunua Kariakoo, 350,000, hairudishwi. Domeni alisajili mchumba wangu wa zamani, kwa barua pepe yake. Ila hajawahi kunisumbua.

Fundi Tawi: Hilo ndilo la kuanza nalo! Uiweke nyumbani, uiweke Ulaya, ufunguo wa mlango anao yeye.

Pwani Raha: Hii chai. Kama kweli wewe mpishi wa Tanga, mkate wa kumimina unatiwa nini?

Bi Mkunazi: Mchele uliolala kwenye maji, tui zito, hamira, sukari, iliki. Unasaga mpaka ukiupikicha kwa vidole husikii chenga. Ukiumuka, unaumimina kwenye sufuria yenye mafuta, moto chini na juu. Ni mapishi ya marehemu bibi yangu, na sina nakala nyingine popote.

Mzee Kilindi: Kwetu ute wa yai lazima.

Pwani Raha: Yai la nini, Mzee? Dada, niwie radhi, nimekuamini.

Fundi Tawi: Mayai baadaye. Dada, leo hii pakua bakapu, yaani nakala ya akiba, mafaili na kanzidata yenye maandishi yako, uweke kwenye flashi mbili. Kisha mwombe huyo bwana akuhamishie domeni, wakati bado mnaongea. Domeni inaisha lini?

Bi Mkunazi: Tarehe 14 mwezi ujao. Flashi ninayo moja, namtuma mtoto dukani sasa hivi.