RPG yenye stori ya mapenzi: FF VIII, FF X au Haven? Ofa inaisha Jumapili

chaupele82
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa fasta, ofa inaisha Jumapili usiku na hela niliyonayo inatosha gemu moja tu. Natafuta RPG, yaani gemu ya kuigiza mhusika ndani ya stori, ambayo mapenzi ndo stori yenyewe, sio zile unampelekea dada wa watu zawadi tano mita inajaa anakupenda. Nimebakiwa na tatu, Final Fantasy VIII ile remasta (iliyoboreshwa upya), Final Fantasy X na Haven. Nichukue ipi? Wale mliocheza tu, msinijie na za kusikia.

fundi_padi
Unachezea nini mkuu? PS4, Switch, kompyuta? Tukushauri hewani hivi hivi?

BintiSaburi
Halafu unacheza peke yako au na mtu? Haven peke yako ni kama kwenda fungate bila bibi harusi.

mzeewaCD
VIII. Funga uzi. Gemu ya 1999 lakini mpaka leo sijaona kitu kama pale kwenye dansi. Squall, mhusika mkuu, kanuna pembeni kama kawaida yake, anaangalia juu kwenye dari la kioo nyota inapita, akishusha macho ng'ambo ya ukumbi kuna binti kainua kidole kimoja anatabasamu. Hata jina halijui. Anaburutwa kwenda kucheza, kucheza kwenyewe hajui, wanagongana na wenzao, na muda wote huo hakuna anayesema neno. Bado hujaletewa mwimbaji Faye Wong na wimbo wake Eyes on Me. Nyingine mtakuja kunieleza.

jirani_254
Mzee dansi ni dakika chache, hizo saa zingine zote unafanya nini? Unasimama mbele ya adui unamkamua majiki (uchawi wa kupigania) mpaka zifike 100, kesho tena mwingine. Ukipanda levo na wao wanapanda. Mimi niliwacha.

mzeewaCD
Ulikuwa huchezi karata ndo maana. Maadui unawageuza karata, karata unazigeuza majiki, hukamui mtu. Na remasta ina cha kuharakisha mara tatu na cha kuzima mapambano ya kushtukiza. Uvivu tu.

BintiSaburi
Mi niitetee Haven. Wametengeneza Wafaransa, The Game Bakers, 2020. Gemu inaanza Yu na Kay wameshapendana, wametoroka kwao maana huko watu wanapangiwa wachumba, wakaenda kujificha kwenye sayari haina mtu. Kwa hiyo hakuna kufukuzana saa thelathini ndo mshikane mikono. Mnapika mnachookota, mnataniana, mnakorofishana, mnatoka kuteleza juu ya majani kutafuta vipande vya kukarabati chombo chenu. Mimi nilicheza na mume wangu, na mkiwa wawili majibu ya mazungumzo lazima mchague sawa ndo yaende. Kuna jibu moja tulikaa dakika tano kila mtu kang'ang'ania lake, chai ikapoa, mpaka akasema haya bibi chagua wewe. Hiyo gemu ilituonyesha mambo 😂

fundi_padi
Haven mapigano mepesi mno, viumbe wenyewe huwaui unawatuliza. Mtu wa kupambana ataboreka. Na mleta uzi bado hajasema anachezea nini.

kipara_tanga
Ngoja niwape ya kwangu kuhusu X. 2006 niko kidato cha tatu, mjomba kaniachia PS2 ya mtumba, nikadunduliza hela ya nauli nikaenda duka moja mjini silitaji, jamaa kanipa X kwenye nailoni imeandikwa kwa kalamu. Kufika nyumbani Kijapani kitupu. Dukani ni mbali na hamu ninayo, nikasema potelea mbali. Menyu nikazikariri kwa kukaa kwake, ya juu kabisa kupiga, hii kuponya, ile usiiguse. Stori nikajitungia mwenyewe. Auron nikamfanya baba mkwe, Lulu dada mkubwa mwenye gubu. Mambo yakaenda vizuri tu mpaka harusi ya Bevelle, Yuna, yule binti anayependwa na mhusika mkuu Tidus, yuko na lile gauni lenye manyoya mgongoni, Seymour anamvuta anambusu, wanakuonyesha ngumi ya Yuna imekunjwa, pa! imekwama. Nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua na fulana, nikaipuliza, inafika hapo hapo kwenye ngumi inakwama. Kurudisha dukani naambiwa CD ikishatoka hairudi, nikanyooshewa kibao ukutani. Basi miaka kama kumi mimi najua Yuna aliolewa na yule mwenye nywele za bluu na Tidus akabaki na mpira wake. Na nilikuwa nasimulia watu hivyo! Nimekuja kununua remasta ya PS4 ndo naona kumbe mbele kuna chemchemi ya msitu wa Macalania, Tidus na Yuna wanabusiana. Mtu mzima nina watoto wawili, nililia wakaja kuniuliza baba unaumwa.

jirani_254
Hahaha kuolewa na Seymour!! Lakini hata kwa lugha unayoelewa, ile kicheko ya Tidus pale mji wa Luca inaharibu kila kitu.

BintiSaburi
Haiharibu, ndo ilivyokusudiwa. Yuna anamfundisha kujilazimisha kucheka akiwa na huzuni, wanacheka cha uongo kwanza mpaka kinageuka cha kweli. Watu mnakata kipande mnarushiana bila kilichotangulia.

dogo_kontrola
Kwani mwisho wa X si yule Tidus [imefutwa na moda]

chaupele82
Nimeshasoma kabla haijafutwa. Ahsante sana dogo.

dogo_kontrola
Gemu ya 2001 bado ni siri? Achaneni na za kale basi, chukua Baldur's Gate 3, unapenda unayemtaka.

mzeewaCD
GB 150, bando la nani? Halafu pale kambini usiku wa sherehe unazunguka unaongea na mmoja mmoja uone nani anakutaka. Hayo mapenzi au usaili wa kazi? Rinoa, yule binti wa kwenye dansi, humchagui, anakujia tu, mwanzoni anakuudhi hasa, baadaye ukikaa ukamkosa ndo unajua.

jirani_254
Mimi bado ananiudhi.

chaupele82
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Nachezea laptopu ya ofisi, RAM GB 4. Nacheza na mke wangu, yeye hajawahi kushika gemu zaidi ya ile ya peremende kwenye simu. Padi ninayo moja, na stiki ya kushoto inajivuta yenyewe.

fundi_padi
Hayo si ungesema toka juzi?? Kwa laptopu hiyo Haven sahau, itapumua kama mgonjwa. X au VIII zinaenda bila shida. X unapata na mwendelezo wake X-2 humo humo.

BintiSaburi
Dah. Nilitaka niseme Haven padi moja mnaweza kuishika wawili, kwenye mapigano mkono wa kushoto ni wa mmoja wa kulia ni wa mwenzie. Kakope laptopu nyingine kaka.

mzeewaCD
VIII. Yeye acheze karata, wewe cheza stori. Nimemaliza.

chaupele82
Na hiyo stiki je? Mhusika ananiendea kushoto kama mlevi.

fundi_padi
Inaweza kuwa vumbi tu. Fungua, pamba na spiriti, zungusha stiki taratibu mpaka ikauke. Usitie mafuta, kuna mtu kaniletea padi imelowa kama samaki wa kukaanga.

kipara_tanga
Fundi na lenzi ya PS2 unasafisha? Ile CD ya Kijapani ninayo bado, nataka nijue kama inapita pale kwenye ngumi.