Ulikuwa nambari ngapi darasani, na karo ya chuo ilitoka wapi? Tupeane uzoefu

Mfungua Mada, Umoja
Habari zenu wadau. Juzi nikipekua mfuko wa stakabadhi nilikutana na ripoti fomu yangu ya kidato cha tatu: nambari 2 kati ya 47. Siku ya zawadi nilipewa kamusi na beseni. Kamusi iliibwa bwenini, beseni mama analifulia mpaka leo. Nikaingia chuo na B+ yangu, lakini kwenye fomu ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hakuna aliyeuliza hiyo nambari 2. Waliuliza mzazi anapata kiasi gani, wadhamini wawili ni nani, na muhuri wa chifu uko wapi. Chifu wetu nilimkosa mara tatu! Mkopo nimeulipa kwa riba ya 4% kwa mwaka, na ile miezi niliyojisahau kila mmoja ulinila faini ya 5,000. Nyinyi je?

Kijana wa Kariobangi
Mimi tangu darasa la nne sikujua nambari nyingine ila 1. Mama anauza mitumba Gikomba, na kila mteja alijua kuna mtoto atatoka gazetini. Nikafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2014, mwaka uleule wizara ilipofuta orodha ya shule na watahiniwa bora. A- ikaja kimya kimya. Mama alikuwa ameshaweka kando pesa za magazeti mawili, moja letu, moja la kupeleka ushago. Karo ilitoka HELB, harambee ya kanisa, na basari ya eneo bunge, 10,000 niliyoipangia foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Nambari 41
Nilikuwa wa 41 kati ya 43, na hao wawili wa nyuma walihama shule kabla ya mtihani. C-. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wakanipeleka diploma ya umeme, na kumbe HELB inakopesha hata wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Nambari 1 wetu nilimwekea nyaya nyumbani kwake Ruai mwaka jana. Alilipa vizuri, sina neno.

Mama Wawili, Kayole
Wanangu, niwaambie ya ule mpango mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023, ambapo sasa familia zinapangwa kwa bendi kulingana na uwezo wao. Kijana wangu aliongoza shule ya kutwa, akaniambia, "Mama, lala, fomu naijaza mimi." Akaijaza kwa simu usiku, bando likikaribia kwisha. Pale pa ndugu wanaosoma akaruka, ilhali ana dada yuko kidato cha pili. Tukaangukia bendi ya 5, ambapo familia inabeba 40% ya karo. Bendi ya 1 ni 5% tu! Mimi nauza mboga, hiyo 40% naitoa kwenye sukuma gani? Tulikata rufaa, tukapeleka risiti za karo ya dada yake na barua ya chifu, wakatushusha hadi bendi ya 3. Bado ni 20%, lakini hiyo nilikopeshwa na chama chetu cha akiba. Kama una mtoto anayejaza, kaa naye, soma kila swali. Werevu wa hesabu na werevu wa fomu ni vitu viwili.

Bwana Maksi
Mimi langu ni la chuoni. Daraja la kwanza linataka wastani wa 70. Nilikuwa na 71, ila somo moja la mwaka wa tatu likaonyesha pengo, kana kwamba sikukalia mtihani. Nilikuwa nimetia sahihi ya mahudhurio! Nikazungushwa idara hadi ofisi ya mitihani hadi kwa mhadhiri aliyekuwa ameshahamia chuo kingine. Miezi minane. Maksi zilipopatikana, ufadhili wa shahada ya uzamili niliokuwa nauwinda ulikuwa umefungwa. Siku hizi nawaambia wadogo zangu: kila muhula ukiisha angalia maksi zako, na karatasi za CAT, yale majaribio ya katikati ya muhula, usitupe.

Mfungua Mada, Umoja
Mama Wawili, asante, hiyo ya ndugu wanaosoma naipeleka kwa binamu yangu leo. Kijana wa Kariobangi, nina swali moja: yale magazeti, mama alinunua?

Kijana wa Kariobangi
Alinunua moja. Liko chini ya godoro lake hadi leo, na jina langu halimo.