Damu ikisimamishwa kwa nusu saa wakati wa upasuaji, ubongo hulindwaje?

Mwalimu wa Bahati, Nakuru

Wapendwa, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoijua kazi hii kwa karibu. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 61, amepigwa picha ya CT na kugunduliwa kwamba aota yake, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni, imetanuka pale inapopinda juu ya moyo na kutoa mishipa iendayo kichwani. Madaktari wa Nairobi wamekubaliana kwamba kipande hicho kikatwe na mahali pake pawekwe mrija wa kitambaa. Daktari wa upasuaji alitueleza kwamba watampoza mwili hadi nyuzi ishirini na kitu, kisha wataizima hata ile mashine inayoshika nafasi ya moyo, na kwa muda usiozidi nusu saa damu haitazunguka mwilini kama kawaida.

Mimi hufundisha biolojia, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano huanza kuharibika. Sasa mke wa mjomba ananiuliza mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba, nami sina la kumjibu. Baridi hufanya nini hasa? Na je, nusu saa hiyo ni salama kweli, au tuliambiwa hivyo ili tutulie?

Pampu, Eldoret

Mwalimu, pole kwa wasiwasi. Mimi ni mwendeshaji wa mashine ya moyo na mapafu, kwa hiyo nitasema yale yanayopita mikononi mwangu. Unachofundisha ni kweli, ila ni kweli kwa mwili wenye nyuzi 37. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana. Kila joto linaposhuka kwa nyuzi moja, mahitaji hayo hupungua kwa takriban asilimia 6 au 7, hata joto likifika kwenye nyuzi 18 au 20 ubongo huwa unahitaji robo hivi ya kiwango cha kawaida, au hata pungufu yake. Ni moto uliofukiwa jivu: haujazimika, bali unakula kuni kidogo mno.

Katika baridi ya namna hiyo, wengi katika kazi yetu huhesabu dakika 30 hivi kuwa muda wa kuaminika, na wanajua kwamba baada ya dakika 40 hatari ya kiharusi huanza kupanda. Kwa hiyo hamkudanganywa, lakini pia si muda wa kuchezea, na ndiyo sababu mmoja wetu huwa na kazi ya kutangaza dakika kwa sauti.

Kuhusu namna ya kupoza, mgonjwa halazwi kwenye maji baridi. Damu yake hupitishwa kwenye mashine, ikapozwa kidogo kidogo na kurudishwa mwilini, nayo huwa imezimuliwa kwa maji ya chumvichumvi kwa sababu damu baridi huwa nzito. Kichwa huzungushiwa mifuko ya barafu iliyofungwa kwa vitambaa ili masikio na ngozi visiungue kwa baridi. Kipimajoto kimoja hukaa ndani ya pua, karibu na ubongo, na kingine kwenye kibofu, kwani viungo hupoa kwa kasi tofauti. Kipimo kimoja kikifika huku kingine kikiwa nyuma, tunaendelea kupoza. Anayepoza kwa haraka huacha sehemu za ubongo zikiwa bado na joto, na sehemu hizo ndizo zitakazoumia pampu ikizimwa.

Mzazi wa Nyalenda, Kisumu

Samahani kwa kuingilia. Binti yangu alibadilishiwa vali ya moyo katika hospitali ya Tenwek, kule Bomet, baada ya vali yake kuharibiwa na homa ya baridi yabisi, na hakuna aliyetutajia kuzimwa kwa mzunguko wa damu. Sasa ninajiuliza kama tulifichwa jambo.

Pampu, Eldoret

La, mama, hamkufichwa. Katika upasuaji wa vali, moyo ndio unaosimamishwa, kwa dawa yenye potasiamu, ilhali mashine inaendelea kusukuma damu mwilini na kichwani bila kukoma. Aota hubanwa kwa koleo juu kidogo ya moyo na mpasuaji hufanya kazi chini ya koleo. Shida ya mjomba wa Mwalimu ni kwamba penye ugonjwa ndipo ambapo koleo lingebana, na mishipa ya kichwani inaanzia hapo hapo.

Daktari wa zamu, Kisumu

Mwalimu, Pampu ameeleza vyema, ila sikubaliani naye kwa jambo moja: ameacha ionekane kana kwamba baridi kali ndiyo kinga pekee. Ilikuwa hivyo zamani. Mwaka 1952, huko Minnesota, John Lewis aliziba tundu la moyo wa msichana wa miaka mitano kwa kutegemea mwili uliopozwa kutoka nje, bila mashine yoyote, na mwaka 1975 Randall Griepp na wenzake walichapisha taarifa ya kubadilisha upinde wa aota kwa baridi kali na kuzima mzunguko. Siku hizi vituo vingi hupoza kwa kiasi, kama nyuzi 24 hadi 28, na wakati mwili mzima umesimama, ubongo hupelekewa damu yake peke yake. Mliposikia “nyuzi ishirini na kitu”, nilihisi ndiyo mbinu iliyokusudiwa, kwa sababu katika nyuzi 25, bila damu hiyo ya kando, nusu saa ingekuwa ndefu mno.

Mara nyingi mrija hushonewa kwenye mshipa wa kwapa la kulia, kisha tawi la kwanza la aota hubanwa, na damu baridi ikapanda upande wa kulia wa shingo kwa mililita 10 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Upande wa kushoto hutegemea duara la mishipa lililo chini ya ubongo, ambalo kwa baadhi ya watu halikukamilika tangu kuzaliwa. Hapo ndipo hufaa vibandiko viwili vya mwanga vinavyowekwa kwenye paji la uso ili kupima oksijeni ya ubongo: kipimo cha oksijeni cha kushoto kikiporomoka huku cha kulia kimetulia, mpasuaji huingiza mrija mwingine kwenye mshipa wa shingo wa kushoto. Swali ambalo ningemuuliza daktari wenu ni hili hasa: ubongo utalishwa kwa upande mmoja au pande zote mbili, na picha ya CT imeonyesha nini kuhusu duara hilo?

Tena, wengi huogopa kupozwa, kumbe mimi huogopa zaidi kupashwa joto. Ubongo uliotoka kwenye njaa ya oksijeni huumia haraka ukipata homa, kwa hiyo damu inayorudi hairuhusiwi kupita nyuzi 37, na tofauti kati yake na damu inayotoka mwilini haipaswi kuzidi nyuzi 10, la sivyo hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoa mapovu. Hewa iliyobaki kwenye aota nayo huondolewa kabla mzunguko haujafunguliwa, kwa sababu povu moja likipanda kichwani laweza kuleta kiharusi.

Mwalimu wa Bahati, Nakuru

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nitalipeleka swali hilo kwa daktari. Mke wa mjomba anauliza jambo moja tu: je, akizinduka atatujua?

Daktari wa zamu, Kisumu

Wengi huwajua watu wao, ila si lazima iwe siku ile ile. Kuchanganyikiwa kwa siku chache, kuona visivyokuwepo, au kung’oa mirija usiku ni mambo ya kawaida baada ya upasuaji huu, na mara nyingi hupita. Kinachotutia hofu ni mkono au mguu usiosogea, mdomo uliopinda, au degedege. Hayo yaambieni wauguzi papo hapo. Mpelekeeni miwani yake na kifaa cha kusikia kama anacho, mwambieni kila mara ni siku gani na yuko wapi, tena kwa lugha ya nyumbani. Na kama ana kisukari, hakikisheni daktari wa nusukaputi anajua kabla ya siku yenyewe, kwani sukari iliyopanda huongeza madhara kwa ubongo uliokosa oksijeni.