Nesi mwenye kadi ya kijani anayetaka kusomea usingizi: jeshi kwanza au leseni kwanza?

Nesi wa Pasua
Habari zenu wana Moshi na Arusha. Naomba tulinganishe njia za kuwa mtaalamu wa usingizi (anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji) kwa muuguzi mwenye shahada ya miaka 4 kutoka vyuo vyetu, umri chini ya miaka 30, ambaye amepata kadi ya kijani ya Marekani (kibali cha kuishi huko kudumu) kwa bahati nasibu. Njia ninazoziona ni nne: kubaki na kusoma hospitali ya KCMC, Moshi, kuingia JWTZ, kwenda Marekani na kujiunga na jeshi lao kama askari wa kawaida, au kwenda Marekani, kupata leseni ya uuguzi, halafu kuliendea jeshi kama afisa. Naomba masharti yenyewe, mambo ya kusikia mitaani tuyaache.

Mzee wa Rau
Nianze na ya nyumbani maana ndiyo fupi. Kozi ya usingizi ya KCMC kwa wauguzi ni ya mwaka mmoja, na anayemaliza anaingia kazini mara moja: ganzi ya uti wa mgongo kwa wajawazito wa upasuaji, dawa ya ketamini kwenye dharura, kuweka mpira wa kupumulia, kumsimamia mgonjwa mpaka azinduke. Hospitali nyingi za wilaya upasuaji wake unasimama juu ya mabega ya watu hawa, kwa hiyo kozi isidharauliwe.

Kinachokwamisha wengi ni mwajiri. Pata barua ya ruhusa ya masomo kabla ya kuomba nafasi, jua nani analipa ada, na soma kipengele cha kurudi kutumikia: ni miaka mingapi, na ukivunja unarudisha nini. Ila ujue pia kwamba cheti hicho hakikupi leseni ya usingizi Marekani, hata ukiwa umelaza wagonjwa wengi kiasi gani.

Barabara ya Monduli
JWTZ: nafasi hutoka kwa tangazo, na masharti husomwa kwenye tangazo la mwaka huo. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya shule na vya taaluma. Umri una kikomo, na aliyewahi kutumikia Polisi, Magereza au KMKM hachukuliwi. Kila anayeingia anapita mafunzo ya awali ya askari, na anayechaguliwa kuwa afisa anapelekwa chuo cha Monduli.

Shida kwa mwuliza mada ni hii: unaingia kama muuguzi, na kwenda kusomea usingizi kunategemea mahitaji ya jeshi na mkuu wako. Hakuna karatasi ya siku ya kwanza inayokuahidi fani. Anayependa jeshi lenyewe aingie. Anayependa usingizi kuliko jeshi, KCMC inamfikisha haraka zaidi.

Sakina Nesi
Wakuu, tukivuka bahari hesabu inabadilika, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea mpangilio.

Marekani, muuguzi wa usingizi anasoma mpaka shahada ya udaktari wa fani (ngazi ya uzamivu, si udaktari wa tiba). Tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo haya anaingia programu ya ngazi hiyo, ambayo kwa kawaida ni miezi 36. Ili upokelewe unahitaji shahada, leseni ya uuguzi ya Marekani isiyo na vikwazo, na angalau mwaka mmoja wa kazi ya muda wote kwenye chumba cha wagonjwa mahututi (ICU). Mwaka huo una masharti yake: uwe umefanyika Marekani, kwenye maeneo yaliyo chini yake, au kwenye hospitali ya jeshi la Marekani iliyo nje ya nchi. Miaka yako ya ICU ya huku itakujenga, lakini kwenye fomu haihesabiki. Wanataka muuguzi aliyezoea kila siku mashine ya kupumulia, mrija wa ateri wa kupima presha, na dawa za presha kama noradrenalini zinazopita kwenye pampu. Mwaka mmoja ni kiwango cha chini tu. Ushindani unawafanya wengi waombe wakiwa na miwili au zaidi.

Kabla ya hapo kuna mtihani wa leseni, NCLEX-RN: maswali kati ya 85 na 150, muda usiozidi saa 5. Ukimaliza masomo ya usingizi unakuja mtihani mwingine wa kitaifa, maswali 100 hadi 170 ndani ya saa 3. Na kabla ya kuhitimu lazima uwe umefanya kesi zisizopungua 600 na saa 2,000 za vitendo.

Sasa jeshi linaingilia wapi? Jeshi la nchi kavu lina programu yake ya usingizi Fort Sam Houston, San Antonio, Texas, na shahada inatolewa na Chuo Kikuu cha Baylor. Wanamaji na jeshi la anga wanatumia chuo kikuu cha kijeshi kilichoko Bethesda, Maryland. Kote huko mwanafunzi ni afisa: halipi ada, analipwa mshahara wa cheo chake, na baadaye anadaiwa miaka ya utumishi. Kwa malipo sioni njia inayoishinda.

Lakini afisa lazima awe raia wa Marekani. Kadi ya kijani inakuingiza jeshini kama askari wa kawaida tu. Hapo ndipo njia ya tatu na ya nne zinapotengana.

Nesi wa Pasua
Asante sana dada Sakina. Mbona basi wengi wanasema askari wa kawaida anapata uraia haraka na kusomeshwa bure? Si ndiyo njia fupi?

Kijenge Juu
Wanayosema ni kweli, ila wanaruka vipande.

Uraia: mwenye kadi ya kijani asiye jeshini anangoja miaka 5. Askari anaweza kuomba mapema, kwa fomu N-400 pamoja na fomu N-426 ambayo jeshi linathibitisha utumishi wake, na halipi ada. Hii faida ni kubwa, siikatai.

Masomo: mafao ya masomo ya wanajeshi yaitwayo Post-9/11 GI Bill ni ya miezi 36. Ukitumikia miezi 36 ya kazi ya muda wote unapata asilimia 100: chuo cha umma ada yote kwa kiwango cha mkazi wa jimbo, chuo binafsi mpaka kikomo cha mwaka, pamoja na posho ya nyumba na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Linganisha sasa: programu ya usingizi ni miezi 36, mafao ni miezi 36. Mwenye shahada ya uuguzi tayari anaweza kuyatunza yote kwa ajili ya usingizi. Asiye nayo atayala kwenye shahada, na akifika kwenye usingizi mfuko umebaki mtupu. Kwa hiyo mwenye stashahada asikimbilie hii.

Sasa ubaya. Ukiingia kama askari wa kawaida hufanyi kazi ya muuguzi mwenye leseni. Utapangiwa pengine utabibu wa vitani: wiki 10 za mafunzo ya awali, kisha wiki 16 za fani. Unafunga majeraha, unaweka dripu, unapima presha. Hakuna saa hata moja ya ICU inayohesabika kwa chuo cha usingizi. Mkataba ukiisha bado unaanza na NCLEX na mwaka wa ICU, na sasa umri umesogea na mambo ya chuo yamesahaulika. Halafu ujue kila mkataba wa mara ya kwanza kwa kawaida unabeba jumla ya miaka 8, sehemu kazini na iliyobaki kwenye akiba.

La mwisho: anayeandikisha akikwambia "utahamishiwa uuguzi ukifika", mwombe aliandike kwenye mkataba. Kisichoandikwa hakipo.

Sakina Nesi
Naongeza njia ya katikati ambayo mada haikuitaja: jeshi la akiba. Pata leseni kwanza, ingia ICU ya hospitali ya kiraia, kisha jiunge na akiba kama askari wa kawaida. Baada ya mafunzo unatoa wikendi moja kwa mwezi na takriban wiki mbili kwa mwaka, huku saa za ICU zinaendelea kujazwa. Askari wa akiba anayehudhuria mazoezi hayo naye anaweza kuomba uraia kijeshi. Uraia ukitoka, unaomba uafisa na programu ya San Antonio ukiwa na leseni na ICU mkononi. Ubaya wake ni kwamba mafao ya masomo ya akiba ni madogo, na unaweza kuitwa kwenye utumishi wakati wowote. Kwa mtu aliyeelezwa kwenye mada, mimi ningeichagua hii kuliko zote.

Kihamba Kibosho
Jamani msisahau uraia una bei yake. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo ukiapa kule umeuacha wa huku. Na asiye raia hana haki ya ardhi hapa sawa na raia. Kwa sisi wa mlimani, suala la kihamba (shamba la ukoo) lizungumzwe na wazazi na ndugu kabla ya kiapo, kisheria na kwa maandishi. Ukingoja mpaka mzee aondoke, mnaanza kutafutana mahakamani.

Mzee wa Rau
Sahihi kabisa, mwanangu.

Nesi wa Pasua
Nimeelewa, leseni itangulie. Basi nianzie wapi nikiwa bado huku?

Kijenge Juu
Anza na karatasi, maana zinakula miezi. Matokeo ya chuo lazima yatoke chuoni moja kwa moja kwenda kwa wakala wa kuhakiki vyeti vya nje kwa ajili ya leseni ya Marekani. Ukiyapeleka mwenyewe mkononi yanakataliwa. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lithibitishe leseni yako moja kwa moja. Mwombe msajili wa chuo aoneshe saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo: tiba, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Afya ya akili ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu saa zake mara nyingi zimefichwa ndani ya somo lingine. Jina liwe moja kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti, vyeti vya shule na leseni. Likitofautiana hata herufi, rekebisha kwa hati ya kiapo ukiwa bado huku. Chagua jimbo kabla ya kulipia chochote, kwa sababu masharti ya Kiingereza na ya miaka tangu uhitimu hayafanani. Na fanya haya yote kabla hujaacha kazi, ofisi ya msajili humjibu haraka zaidi anayeweza kufika mwenyewe dirishani.