Wafuasi 41,000, tangazo limeonwa na watu 290. Niongeze hela?

Mtotoleshaji
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Nipo Morogoro, Kihonda, natotolesha vifaranga chotara, kroila na sasso. Mashine niliiwasha wiki tatu zilizopita, wametoka 640, nimeuza 210. Hawa 430 nipo nao humu chumbani maana banda halijaezekwa. Usiku wa pili huu silali, kichwa kinagonga.

Nina ukurasa wenye wafuasi 41,000. Nimeweka picha, bei na namba ya simu. Siku mbili, wameona watu 290. Chini yake mtandao umeniandikia nikilipia tangazo litawafikia wengi zaidi. Wengi gani tena wakati wafuasi ni wangu? Yaani nilipie kuongea na watu walionifuata wenyewe? Jana nimelipia 50,000, simu zimepigwa mbili, mmoja kakosea namba. Nimebakiwa na 180,000. Naombeni ushauri: niweke yote kwa mpigo au nianze na laki? Mtandao wenyewe siutaji, yote baba mmoja.

Kaka Mshale
Naweka kambi. Ngoja waje wenye uzoefu.

Babu Redio
Mdogo wangu, usidhani umeonewa peke yako, hiyo ndiyo biashara yenyewe. Sijui wewe uko mtandao gani, ila ukitaka kujua ilikoanzia angalia Facebook. Mwaka 2012, mwaka walioingia soko la hisa, walisema wenyewe kwamba ukurasa kwa wastani unafikia kama asilimia 16 ya wafuasi wake, na mwaka huohuo wakaleta kitufe cha kulipia. 2014 wakatoa maelezo: mtu mmoja kwa siku ana machapisho kama 1,500 yanayogombea macho yake, hawezi kuyamaliza, basi kompyuta inamchagulia. Januari 2018 Zuckerberg akatangaza kwamba ya ndugu na marafiki yatangulie, ya kurasa yasubiri nyuma. Instagram nao 2016 wakaacha kupanga picha kwa kufuata muda zilipowekwa.

Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya watu wako, unapeleka redioni. Siku likisomwa jina lako mtaa mzima unakuita "msikilizaji". Nilikuwa nazo kwenye kopo la Kimbo, zaidi ya mia. Mke wangu wa kwanza nilimpata kwa kadi.

Kaka Mshale
Babu, wa pili ulimpata kwa nini?

Shangazi Tena
Vijana mnapenda biashara ya kukaa. Mimi nauza vitumbua stendi ya Msamvu, sina ukurasa wala mfuasi, na saa mbili na nusu beseni tupu. Beba tenga nenda sokoni, simama juani, ita watu. Huko hakuna atakayekudai hela ili sauti yako isikike.

Fundi wa Matangazo
Shangazi, stendi nako kuna ushuru, na sehemu ya mbele ina wenyewe.

Mleta uzi, nijibu mawili. Hiyo 50,000 uliwalenga kina nani? Na chini ya tangazo watu wameandika nini? Bandika maoni matatu kama yalivyo, usichague.

Mtotoleshaji
Nililenga wafuasi na marafiki zao. Baada ya kulipia laiki zimefika 312, kwa hiyo si kwamba halijaonekana kabisa. Maoni ni ya kawaida tu, watu wanataniana.

Fundi wa Matangazo
Nimesema bandika.

Mtotoleshaji
Haya.
"Admini leta ubuyu, mbona siku hizi kuku tu?"
"Yule dada kaachika kweli au kiki?"
"Hao wanaimba au?"

Nyundo
Mtu anatafuta nini cha ubuyu kwenye ukurasa wa vifaranga?

Mkulima Nakuru
Boss, hii page umeitoa wapi?

Mtotoleshaji
Nilikuwa nafikia hapo. Ukurasa niliununua mwezi wa nne, laki tatu na nusu. Ulikuwa wa habari za wasanii, nikabadili jina na picha. Ila jamani, kila mtu ananunua. Kuanza na wafuasi sifuri ni kama kufungua duka porini. Na wafuasi ni watu, watu wanakula kuku. Kwani anayependa ubuyu hali kuku?

Kaka Mshale
Umenunua msiba wenye watu, hukuuliza wanamlilia nani 😂

Fundi wa Matangazo
Sasa tunaongea. Unapoweka picha, mtandao hauipeleki kwa watu 41,000. Unaionjesha kwa wachache kwanza, ukiona wanasimama, wanaandika, wanatumiana, unasogeza mbele. Wako wakionjeshwa wanaona kifaranga, wanapita. Kompyuta inaandika: hii haina mvuto. Kesho inaonjesha wachache zaidi. Kwa hiyo ukilipia kuwafikia "wafuasi wako" unanunua mara ya pili watu walewale wasiokutaka. Hata hizo laiki 312 ni za watu walio Mtwara, Kigoma, wengine Muscat huko. Kifaranga hakitumwi kwa barua.

Kama lazima ulipie, achana kabisa na chaguo la wafuasi. Lenga mahali: Morogoro mjini na kilomita zinazofikika kwa bodaboda, anza na elfu tano kwa siku, uone simu zinalia ngapi. Usihesabu laiki, hesabu simu. Na ujue kununua ukurasa ni kinyume cha masharti ya mitandao mikubwa. Aliyekuuzia umeshamtoa kwenye usimamizi?

Mtotoleshaji
Bado. Alisema akitoka ghafla ukurasa utafungwa, nisubiri miezi sita. Ni mtu mzuri, huwa ananijibu.

Nyundo
Miezi sita 😂😂😂 Huyo anasubiri uulipie matangazo, uchangamke, akuchukulie.

Mkulima Nakuru
Sikia, boss. Wale 210 uliwauzia watu wangapi? Hao ndio wafuasi wako. Pigia kila mmoja, muulize vifaranga wanaendeleaje, halafu omba ahifadhi namba yako. WhatsApp unaweza kutuma tangazo moja kwa watu 256 kwa mpigo, ila linamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Asipohifadhi unaongea na ukuta. Mimi nauza miche ya parachichi hivyo na sijalipia tangazo hata moja.

Babu Redio
WhatsApp nayo ni ya haohao wa Facebook tangu 2014. Na kitufe cha kulipia kimeshaanza kuhamia huko.

Mtotoleshaji
Waliwanunua watu kumi na moja. Lakini kumi na moja na arobaini na moja elfu wapi na wapi, wakuu? Mimi nilitaka tu mniambie laki au yote.

Mama Pacha
Mwanangu, hiyo 180,000 ni ya kazi gani?

Mtotoleshaji
Ya biashara, mama.

Mama Pacha
Vifaranga 430 wanamaliza mfuko wa kilo hamsini kwa siku sita hivi, na kila siku wanaongeza kula. Umebakiza mifuko mingapi?

Mtotoleshaji
Uliopo umeshuka chini ya nusu. Ndiyo, 180,000 ilikuwa mifuko miwili ya starter. Lakini mama, nikiuza 200 kesho hela inarudi na faida. Wana siku tisa leo, wakizidi wiki mbili wateja wanaanza kusema wamekua, wanataka bei ya kugombana. Si kwamba nachezea chakula chao, nakizungusha tu.

Shangazi Tena
Anakizungusha! Mume wa jirani yangu alizungusha hela ya bati, mpaka leo mvua wanaisikilizia ndani.

Nyundo
Wakuu subirini kidogo, hii nanusa chai. Bandiko la kwanza: "mashine niliiwasha wiki tatu zilizopita." Wiki tatu ni siku 21. Yai la kuku linaanguliwa siku ya 21. Maana yake vifaranga wangekuwa wanatoka leo. Sasa wana siku tisa! Walitoka mashineni kabla hawajaingia? Huyu ni wale wanaoandika hadithi, kesho anaweka namba na bei, mnanunua. Mods, uzi huu uhamishiwe Matangazo Madogo.

Kaka Mshale
Aisee. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Shangazi Tena
Nilijua. Aliposema analala na kuku nikajua.

Babu Redio
Hata mimi ile hesabu ilinikwaza, nikanyamaza.

Mtotoleshaji
Mayai hayakuanzia kwangu. Mwenzangu wa Mkundi mashine ilimwungulia, akaniuzia yakiwa tayari na siku tisa, tumeshayapiga tochi na kutoa yasiyo na mbegu. Kwangu yamekaa siku kumi na mbili. Kumi na mbili na tisa ni ngapi? Mnataka picha? Nimepiga sasa hivi hii hapa. Duara la maboksi, vyungu viwili vya mkaa, wenyewe hao. Bei sijaandika, namba sijaandika.

Nyundo
Hesabu imekaa. Lakini ulipaswa kusema tangu mwanzo.

Fundi wa Matangazo
Alipaswa kusema mengi tangu mwanzo.

Mama Pacha
Achaneni na hesabu, nimeikuza picha. Wamejibana kwenye maboksi mbali na vyungu, mabawa wameyaachia, midomo wazi. Hao wanaungua. Kifaranga akisikia baridi anakimbilia motoni, hawa wanaukimbia. Mwanangu, dirisha liko wapi?

Mtotoleshaji
Nyuma ya hilo turubai. Nimeliziba, usiku kuna upepo wa mlimani.

Mama Pacha
Na wewe unalala humohumo?

Mtotoleshaji
Ndiyo mama, kwenye mkeka. Nikitoka paka wanaingia.

Mama Pacha
Kichwa kinachokugonga usiku wa pili si mawazo, ni hewa ya sumu ya mkaa. Haionekani, hainuki, na inaua mtu usingizini. Weka simu chini. Toa vyungu vyote viwili nje, vua hilo turubai, na wewe utoke. Umeme upo?

Mtotoleshaji
Upo.

Mama Pacha
Basi ning'iniza balbu mbili, zile za zamani zinazochoma, usawa wa goti. Nenda sasa. Nakusubiri hapa.

Kaka Mshale
Mkuu?

Kaka Mshale
Mkuu upo?

Mtotoleshaji
Nipo. Vyungu viko uani. Balbu nimepata moja, nyingine naazima kwa jirani. Wamesambaa, wanakunywa maji. Nimekaa barazani, nimetapika kidogo.

Mama Pacha
Baki hapohapo kwenye hewa, usirudi ndani kulala. Muite jirani akae na wewe. Kichwa kisipopungua, au ukisikia usingizi wa ajabu, akupeleke hospitali usiku huuhuu.

Mkulima Nakuru
Pole boss.

Nyundo
Pole mkuu. Sasso unauzaje?