Ushauri: niondoeje amri ya zamani bila kukwamisha depo za dawa?

MwanaVirunga, Goma
Yambo wandugu. Natunza programu ya terminali ambayo depo za dawa hapa Goma na Bukavu huitumia kupeleka hesabu ya stoku kila jioni. Ina amri ya zamani, `tuma`, inayofuta hesabu iliyoko kwenye seva na kuweka nyingine bila kulinganisha. Kompyuta mbili za depo moja zikituma, ya mwisho ndiyo inayobaki. Mgonjwa anaambiwa dawa imeisha, kumbe boksi liko kwenye rafu. Amri mpya, `linganisha`, haina shida hiyo, kwa hiyo nataka `tuma` iondoke kabisa. Ila kompyuta nyingi za Bukavu hupata toleo jipya kwa flashi inayovuka ziwa kwa boti, na skripti za jioni (faili za amri zinazojiendesha zenyewe) bado zinaita `tuma`. Nianzie wapi?

FundiLushi, Lubumbashi
Usiifute sasa. Toa kwanza toleo ambalo `tuma` bado inafanya kazi ila inaonya: itaondoka toleo gani, na mtu aandike nini badala yake. Onyo lipite stderr (njia ya ujumbe wa makosa), si stdout (njia ya matokeo ya kawaida). Skripti inayosoma namba ikikuta sentensi katikati, inavurugika.

Mama_Seva, Bukavu
Na usitegemee nyaraka peke yake. `egrep`, amri ya kutafuta maneno kwenye faili inayokuja na programu ya grep, ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati tangu grep 2.5.3, mwaka 2007. Yenyewe ilikaa kimya hadi grep 3.8, Septemba 2022, ndipo ikaanza kuonya kila inapoitwa. Miaka 15, na bado wengi walishtuka! Huku kwetu skripti inaamka saa mbili usiku, hakuna anayetazama skrini. Weka onyo pia kwenye ripoti anayofungua mwenye depo asubuhi.

MwanaVirunga
Aksanti mama. Vipi `tuma` ikiita `linganisha` kimyakimya?

FundiLushi
Hapana kaka. `linganisha` ikikuta tofauti si inauliza mtu? Usiku skripti itaganda ikingoja jibu. Hata ukishaiondoa, acha jina lake: `tuma` ioneshe kosa lenye maelekezo, na imalize kwa namba isiyo sifuri, skripti ijue kazi haikufanyika.

Mama_Seva
Seva nayo iandike depo zipi bado zinaita `tuma`, uzipigie simu kabla ya kukata. Za Kadutu, hapa Bukavu, niachie mimi, nitazipitia na flashi.